Mchezo Hunadiwa kwa Kuchezwa

Hotuba hii ilitolewa ndani ya Ngome ya Lamu mbele ya wafanyabiashara wadogo, mafundi, wenye nyumba za wageni na vijana wa visiwani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa safarini au kazini siku hiyo.

Asalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, mafundi, wenye maduka, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma. Wakubwa zangu nawaamkia shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuutafutia soko mchezo mpya wa ubao, kwa sababu wengi wenu mmesikia habari za mchezo wetu wa majahazi tunaoutengeneza hapa mtaani Langoni. La pili ni michezo kama zawadi ya kutangazia biashara, badala ya kalenda na fulana. Nitayasema kama jambo moja, maana kwangu mimi ni jambo moja: mchezo hunadiwa kwa kuchezwa. Haunadiwi kwa bango. Haunadiwi kwa kipaza sauti. Haunadiwi kwa picha nzuri ya WhatsApp. Hunadiwa kwa kuchezwa.

Mlipokuwa mnakuja hapa mmepita uwanja wa Mkunguni, hapo mbele ya ngome. Mmeona watu wanacheza dama? Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichopigwa miraba kwa rangi. Na kete ni nini? Vizibo vya soda. Huyu anavilaza kifudifudi, yule anavilaza chali, mchezo unaendelea. Sasa nawauliza: kampuni ya soda imewalipa wale wazee kiasi gani? Haikuwalipa hata senti. Na bado jina lake liko vidoleni mwa watu alasiri nzima. Linasukumwa, linaliwa, linapigwa ubaoni kwa kishindo mpaka mpita njia anageuka kutazama. Bango gani la barabarani linashikwa kwa mkono kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi?

Mwisho wa mwaka sisi hugawa kalenda. Kila duka, kalenda. Mteja anafika nyumbani na kalenda nne na ukuta wake una msumari mmoja. Tunagawa kalamu, wino unakwisha. Tunagawa fulana, inafuliwa mara chache, kisha inakuwa kitambaa cha kufutia baiskeli. Sisemi msigawe. Nasema tazameni kilicho tofauti katika mchezo. Ukimpa mtu kalenda, umempa mtu mmoja. Ukimpa mchezo, hawezi kuutumia peke yake. Lazima amwite mwenzake. Na huyo mwenzake ambaye wewe hukumpa kitu, hukumjua, hakuwahi kuingia dukani kwako, ataketi mbele ya jina lako kwa saa nzima, na mtu aliyemwalika ni rafiki yake anayemwamini. Ipo zawadi nyingine inayofanya hivyo? Mimi nimeitafuta sijaiona.

Mashirika ya ndege yaliligundua hili zamani. Kwa miaka mingi yaligawa pakiti za karata kwa abiria, na nembo ya shirika ikiwa nyuma ya kila karata. Abiria alicheza angani, akashuka na pakiti yake, ikaingia kwenye droo ya nyumbani, ikatolewa kila wageni walipokuja. Lakini hatuhitaji kwenda angani. Hapa hapa mtaani kuna fundi seremala aliyechora ubao wa dama juu ya benchi la mbele ya karakana yake, na pembeni akaandika jina la karakana kwa herufi ndogo. Mteja aliyekuja kuulizia mlango anaambiwa fundi yuko sokoni, anaketi, anacheza, anasubiri. Zamani angeondoka. Benchi lile limeleta wateja, na ni rangi ya kopo moja tu.

Hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote: benchi lile kwanza ni dama nzuri, halafu ndiyo tangazo. Mkigeuza mpangilio huo, mmeharibu.

Nitawasimulia habari ya mtu mmoja wa Marekani aitwaye Milton Bradley. Alikuwa mchapaji katika mji wa Springfield, Massachusetts. Mwaka 1860 alichapa picha za Abraham Lincoln, mgombea urais, uso wake ukiwa hauna ndevu. Picha zikauzika vizuri. Kisha Lincoln akafuga ndevu! Picha zote zikawa si za mtu yule tena, na mchapaji akabaki na mashine isiyo na kazi. Akabuni mchezo wa ubao wa mwenendo wa maisha, wenye miraba ya mema na mabaya, shule, ndoa, kufilisika, uzee mwema. Hakungoja wanunuzi wamfuate. Alibeba masanduku mamia kadhaa mpaka New York, akawaonyesha watu namna unavyochezwa, akayamaliza kwa siku chache. Katika mwaka wa kwanza aliuza zaidi ya 40,000. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alitengeneza sanduku dogo la michezo linaloingia kwenye mkoba wa askari, ndani yake mna sataranji, dama, dhumna na huo mchezo wake. Vyama vya hisani vikayanunua kwa wingi kuwapa askari. Hawakuwa askari walionunua, angalieni hapo. Alinunua mwingine ili ampe askari. Hiyo ndiyo biashara ya zawadi tunayoizungumza leo, na ina zaidi ya miaka 160.

Kuna jambo la pili katika habari hiyo, na sisi watu wa Lamu tulisikie kwa makini. Bradley hakutia dadu katika mchezo wake. Watu wa mji wake walikuwa Wakristo wenye msimamo, na dadu kwao ilinuka kamari. Basi akatia pia, ile pia ndogo ya pande sita yenye namba, unaizungusha inaangukia upande mmoja. Hesabu ni ile ile, lakini mama wa nyumba aliweza kuuweka mchezo mezani bila kuona haya.

Je, sisi hatuna suala hilo? Tunalo, tena kubwa zaidi. Zipo nyumba nyingi hapa mjini ambazo dadu haiingii, hata kama hapana senti inayowekwa, kwa sababu ya yale wanavyuoni waliyosema kuhusu nardi, ule mchezo wa kale wa dadu. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Ninachosema ni kwamba anayetengeneza mchezo wa kuuza Lamu asipolijua hili, amejifungia mlango wa nusu ya mji kabla hajachapa ubao wa kwanza. Ndiyo sababu mchezo wetu unatumia pia. Watoto wa hapa wanaijua pia, wazee wanaijua pia, na hakuna anayeulizwa swali nyumbani. Kila mahali pana jambo lake. Kabla hujauliza mtu atalipa bei gani, uliza kwanza kama mchezo wako utaruhusiwa kuingia sebuleni.

Sasa turudi kwa wenye maduka na nyumba za wageni, maana najua wako wanaofikiri: basi na mimi nichapishe nyoka na ngazi zenye nembo yangu. Ngojeni kidogo. Nimeona michezo ya namna hiyo. Nembo juu, nembo chini, nembo katika kila mraba, na kadi zinazouliza, “Duka gani lina bei nafuu kuliko yote?” Nani atacheza mara ya pili? Mtoto ana miaka saba lakini anajua mara moja kwamba hakupewa mchezo, amepewa tangazo, na analiacha sakafuni. Ukilipa pesa za kuchapisha kitu kinachoachwa sakafuni, bora ungechapisha kalenda.

Tazameni walivyofanya Lagos. Mwaka 2012 Nimi Akinkugbe alizindua toleo la Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa na kutoza kodi, la jiji la Lagos, jiji la kwanza la Afrika kuwa na toleo lake. Mitaa ni ya Lagos, vituo ni vya Lagos, na kadi zinazungumza habari za barabara na tabia za watu wa Lagos. Makampuni ya pale yalipata nafasi ubaoni, lakini yalikaa kama yanavyokaa mjini, kila moja mahali pake, na mchezo ukabaki ule ule watu wanaoupenda. Mtu wa Lagos anacheka kwa sababu anaona mji wake. Jina la kampuni linapita katika kicheko hicho bila kumchosha.

Kwenye mchezo wetu tumefanya vivyo hivyo. Kila mchezaji ana jahazi. Anapakia bidhaa Lamu, anateremka na upepo wa kaskazi kwenda Malindi, Mombasa, Tanga, Unguja, na lazima arudi na upepo wa kusi; akichelewa pepo zikigeuka yuko ugenini, amekwama na shehena. Kila bandari ina nafasi moja tu ya jina la biashara. Moja. Mwenye nyumba ya wageni ya Shela akitaka jina lake liwe pale mabaharia wanapopumzika, karibu. Mwenye duka la vyuma akitaka awe pale wanapotengenezea chombo, karibu sana. Anayetaka majina matano kwenye ubao mmoja, pesa zake nazipenda lakini sitazipokea, kwa faida yake mwenyewe.

Kuna mchezo wa namna nyingine ambao makampuni hupenda kuutumia kutangaza bidhaa, nao ni mchezo wa zawadi na bahati: fungua kizibo, kwangua kadi, tuma ujumbe ushinde. Huo nawasihi mkae nao mbali.

Mwaka 1992 kampuni ya Pepsi huko Ufilipino ilichapa namba chini ya vizibo. Namba ya ushindi ilitangazwa kwenye televisheni, na zawadi kubwa ilikuwa peso milioni 1, mali ya kumtoa mtu katika umaskini. Nchi nzima ikashika vizibo. Mwezi wa Mei ikatangazwa namba 349. Kumbe namba ile ilikuwa kwenye vizibo mamia ya maelfu! Fikirini usiku ule. Fikirini baba anayeamka akimwambia mkewe, tumepata. Kampuni ikasema yametokea makosa, ikawapa wenye vizibo peso 500 kila mmoja. Watu wakaandamana, malori yakachomwa, yakarushwa mabomu, na wako waliokufa. Kesi ziliendelea mpaka mwaka 2006, mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilipoamua kwamba kampuni haikuwa na deni. Ilishinda mahakamani. Je, ilishinda kwa watu?

Na hata pale ambapo namba hazikukosewa, palikuwa na mikono. Mchezo wa bahati wa vibandiko vya Monopoly wa mikahawa ya McDonald's ulianza Marekani mwaka 1987. Mwaka 2001 ikagundulika kwamba mtu aliyeaminiwa kulinda vibandiko vya ushindi, Jerome Jacobson, alikuwa akiviiba kwa miaka na kuvigawa kwa washirika wake. Mamilioni ya watu walikuwa wamebandua vibandiko wakitumaini zawadi ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Hapa Kenya bahati nasibu ya kutangaza bidhaa ni jambo la leseni, na kwa haki. Tena tuseme ukweli wetu: vijana wetu wameumizwa vya kutosha na kamari za kwenye simu. Mimi sitaki jina la duka la mzee wangu liwe kwenye karatasi ambayo kijana anaikwangua kwa matumaini na kuitupa kwa uchungu. Mpe mchezo ambao akishindwa leo, kesho anarudi kwa sababu amejifunza kitu. Bao limetufunza hivyo. Mashimo 32, kete 64, hakuna pia, hakuna dadu, hakuna bahati. Aliyekufunga amekuzidi akili siku hiyo, na unarudi kesho.

Haya, tuje kwenye kuuza.

Mnaujua mchezo wa maswali uitwao Trivial Pursuit? Ulibuniwa Montreal, Kanada, mwezi Desemba 1979, na waandishi wawili wa habari, Chris Haney na Scott Abbott. Hawakuwa na pesa. Walifanya tunalofanya sisi: waliunda kama chama. Wakachangisha kwa marafiki na wafanyakazi wenzao, watu zaidi ya 30, wakapata dola 40,000. Msanii aliyechora ubao, kijana wa miaka 18 asiye na kazi, alilipwa kwa hisa. Wakachapa masanduku 1,100. Kila sanduku liliwagharimu dola 75, wakaliuzia maduka kwa dola 15. Sikieni tena: gharama 75, bei 15. Waliposimama kwenye maonyesho ya wafanyabiashara wa michezo, wanunuzi walipita. Nani atanunua mchezo wa watu wazima, wenye maswali ya darasani?

Kilichogeuza mambo si bango. Kampuni iliyoupokea Marekani ilimpa kazi mama mmoja, Linda Pezzano. Yeye alituma masanduku ya mchezo kwa watu mashuhuri ambao majina yao yalitajwa ndani ya maswali. Mcheza filamu anafungua sanduku, anakuta swali linalomhusu yeye. Ataliacha? Atawaita marafiki waone. Tena akawa anaandaa vikao vya kucheza katika mikahawa na mabustani. Mwaka 1984 pekee yaliuzwa masanduku milioni 20. Mbinu ilikuwa moja: weka mchezo mikononi mwa watu ambao wengine huketi nao.

Scrabble nayo, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, ndivyo. Alfred Butts aliubuni wakati wa miaka ya shida ya 1930, alipokosa kazi ya usanifu wa majengo. Makampuni yalimkatalia. James Brunot alipouchukua na kuanza kuutengeneza kwa mkono, mwaka 1949 aliuza seti 2,400 na akapata hasara ya dola 450. Miaka mitatu hali ilikuwa hiyo ya kujikokota. Kisha, kama inavyosimuliwa, mwaka 1952 mkuu wa maduka ya Macy's aliucheza akiwa likizoni, akarudi kazini, akauliza kwa nini maduka yake hayauuzi. Baada ya hapo Brunot hakuweza tena kuyatosheleza maombi. Mtu mmoja alicheza. Alicheza, narudia; hakusoma tangazo.

Sasa Lamu, huyo mtu ambaye wengine huketi naye ni nani? Si mcheza filamu. Ni kinyozi, ambaye wateja wake wanasubiri. Ni nahodha wa boti ya kuvukia Mokowe, bara, ambaye abiria wake wanangoja boti ijae. Ni mwenye mkahawa wa kahawa ya jioni. Ni mwalimu wakati wa likizo. Ni yule kijana wa kila mtaa, kila mtaa una mmoja, ambaye barazani kwao hapakosi watu. Mpe huyo sanduku bure. Lakini usimpe tu ukaondoka! Keti naye, mfunze, cheza naye mpaka aweze kumfunza mwingine. Hakuna mtu katika ukumbi huu aliyejifunza bao kwa karatasi. Tulisimama nyuma ya mzee, tukatazama, tukafukuzwa, tukarudi, mpaka tukazijua hatua za bao, namu ni nini na mtaji ni nini. Mchezo mpya hauna wazee wa kusimama nyuma yao. Kazi ya kwanza ya anayeuza ni kuwapata hao wazee wa mchezo wake, hata kama wana miaka kumi na tano.

Na wakati. Mnajua wakati wa kuuza mchezo Lamu? Ni Ramadhani, baada ya tarawehe. Watu hawalali mpaka daku. Keram zinatoka, dhumna zinatoka, karata zinatoka, kila baraza limejaa. Mchezo utakaoingia kwenye mabaraza Ramadhani moja, Maulidi ikifika na wageni wakimiminika kutoka pwani yote, wenyeji ndio watakaowafunza wageni. Kwa hiyo masanduku yawe tayari Shaabani. Ukichapisha Ramadhani ikiwa imeanza, umengoja mwaka mzima.

Sitakaa sana kwenye vifaa, lakini siwezi kuacha kusema hili: kadibodi na hewa yetu havipatani. Unyevu na chumvi vinaukunja ubao kama kigae, na upepo wa ufukweni unachukua kadi zote mpaka kisiwa cha Manda. Michezo iliyobuniwa kwa meza za Ulaya haijui kusi. Sisi ubao wetu ni kitambaa cha marudufu, cha matanga, unaukunja unaingia mfukoni. Kete zinatoka kwenye vipande vya mwembe na mbambakofi vinavyobaki kwa maseremala. Kadi ni chache na nene. Mgeni anayenunua anapeleka kwao kitu ambacho kinanukia Lamu. Mmeona mambo ya Flipflopi? Jahazi lililojengwa hapa hapa na mafundi wetu kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa ndara zipatazo 30,000, likashushwa baharini mwaka 2018, na dunia ikalizungumza. Halikuhitaji kueleza linatoka wapi. Kitu chenyewe kilikuwa kinasema.

Kuhusu bei, hapa nataka wenye kalamu waandike. Tuseme sanduku moja linakugharimu shilingi 900. Unajiambia, nitauza 1,200, nipate 300. Sawa, ukiuza mwenyewe barazani. Siku utakapotaka duka la Malindi likuuzie, mwenye duka atataka kununua kwa karibu nusu ya bei atakayouzia, kwa sababu hivyo ndivyo biashara ya michezo inavyokwenda duniani. Na akiwapo msambazaji katikati, yeye hununua kwa karibu asilimia 40 ya bei hiyo ya dukani. Nusu ya 1,200 ni 600. Umempa mwenye duka mchezo, na shilingi 300 zako umemwekea juu yake. Basi amua kabla ya kuchapa. Ama bei iwe ya kubeba duka, ama uuze kwa mkono wako mwenyewe.

Na hapa ndipo yale mambo mawili niliyoombwa yanapokutana. Kinachomuua mbunifu wa mchezo ni uchapaji wa kwanza. Pesa zinatoka zote mara moja, zinarudi shilingi moja moja. Lakini nyumba ya wageni ikiagiza masanduku 50 ya kuwapa wageni wake wanapoondoka, na ikalipa nusu mbele, na chama cha wavuvi kikaagiza 30, na duka likaagiza 20, wenye zawadi wamekulipia mashine. Wewe unachapa 300, unabaki na 200 za kuuza ambazo gharama yake imeshapungua. Wao wanapata zawadi isiyotupwa, wewe unapata mtaji bila riba. Bradley alipata vyama vya hisani. Sisi tunao wenye biashara waliomo humu ndani.

Msisahau maandishi. Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili ambacho bibi anakielewa, ukurasa mmoja. Kiingereza kwa mgeni. Kule Malindi, kwa wageni Waitaliano, mtie na Kiitaliano. Kisha jaribu hili: mpe mtu sanduku, ondoka, asikuulize kitu. Mahali atakapokwama pana kasoro ya maandishi yako, wala si ya akili yake.

La mwisho ni wizi, maana vijana wananiuliza kila siku, “Tukiutoa hadharani hautaibiwa?” Mwaka 1904 mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda ubunifu, ya mchezo wa ubao aliouita The Landlord's Game. Aliubuni kuonyesha ubaya wa watu wachache kumiliki ardhi yote. Ukaenea kwa kunakiliwa kwa mkono, watu wa kila mji wakitia mitaa yao. Charles Darrow akafunzwa na marafiki, akautengeneza, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaununua kwake kama Monopoly. Darrow akatajirika. Mama Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake, bila fungu katika mauzo. Kwa hiyo ndiyo, wizi upo, na inauma. Hakimiliki hulinda maandishi yako na michoro yako. Wazo lenyewe la mchezo hailindi. Jina lisajilini KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya ubunifu, kama alama ya biashara, na bidhaa ipate alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kuingia madukani. Fanyeni hayo mapema. Lakini msiufungie mchezo kabatini kwa hofu. Mchezo wa kabatini hauna mwizi wala hauna mnunuzi.

Meza zimepangwa uani, na kila meza ina kijana anayeujua mchezo. Chai na mahamri vipo. Wazee mpewe nafasi za kivulini kwanza. Na mwenye biashara anayetaka jina lake kwenye bandari, daftari la maagizo ninalo mimi, lakini naomba aje kuniona akishamaliza kucheza, si kabla.

Ahsanteni sana.